Mrejesho: makadirio ya VAT ya duka langu la Ujiji

Ndugu zangu, niliuliza kama makadirio ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) niliyopewa na TRA, mamlaka ya mapato, ni halali wakati ritani yangu yenyewe, yaani taarifa ya kodi niliyowasilisha, ilikuwa pungufu: mashine ya EFD (ya risiti za kielektroniki) iliharibika, mauzo ya siku 9 hayakuingia.

Ni halali. Nilishikilia kwamba ritani pungufu si ritani, kwa hiyo hakuna cha kukadiria. Sivyo. Sheria ya Usimamizi wa Kodi, Sura 438, inamruhusu Kamishna Mkuu wa TRA kukadiria kwa taarifa alizonazo, na kuthibitisha kwamba amezidisha ni kazi yako.

Kilichoniokoa ni daftari la kaunta, kurasa zimejaa alama za vidole vyenye saruji, kila mfuko na kila bati limeandikwa. Niliweka pingamizi siku ya 26. Mwisho ni siku 30 tangu upokee notisi. Na wanaosema usilipe chochote wanapotosha watu: unalipa kwanza kiasi usichobishia au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa. Mimi nilikopa kwa shemeji yangu Kasulu.

Juzi nimeletewa makadirio mapya. Saruji ambayo TRA walikuwa wameihesabu mara mbili imeondolewa. Ya zile siku 9 nalipa, maana niliuza kweli.