777X imekwama wapi, na Mombasa itaweza kuipokea?

Binti_Shela, Malindi
Assalaam aleikum wote. Msimu wa wageni wa Italia ukikaribia, hapa mjini hurudi maneno yale yale: Boeing 777X itakuja kushusha watu mia nne kwa mpigo. Naomba wenye ujuzi wanieleze. Ndege ilizinduliwa Novemba 2013 ikaahidiwa kwa 2020, sasa tunaambiwa 2027. Imekwama wapi hasa? Mashirika yanayotangaza oda za ndege hamsini au mia, huwa yamelipa nini? Na siku ikiwa tayari, itatua Moi Mombasa, au hata hapa Malindi uwanja ukipanuliwa?

Fundi_wa_Bawa
Wa aleikum salaam, dada. Haikukwama mahali pamoja, ndiyo maana tarehe imesogezwa mara nyingi.

Kwanza injini. GE9X ina feni ya kipenyo cha mita 3.4. Mwaka 2019 kwenye majaribio, sehemu tuli ya hatua ya pili ya kompresa ilionekana kulika haraka kuliko ilivyokadiriwa. Ikasanifiwa upya, na ndege ikaruka mara ya kwanza Januari 25, 2020.

Kabla ya hapo, Septemba 2019, mwili wa majaribio ulikuwa ukipindwa chini kwa makusudi. Lengo ni kufika asilimia 150 ya mzigo mkubwa kabisa ambao ndege inatarajiwa kuupata angani. Ulipasuka nyuma ya mabawa ukiwa umefikia asilimia 99 ya lengo hilo. Kwa mhandisi hilo si balaa, ila lazima sehemu hiyo iimarishwe na hesabu zirudiwe.

Kilichokula muda zaidi ni karatasi na programu. Baada ya ajali mbili za 737 MAX, FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, haikubali tena maelezo ya mtengenezaji kwa kumwamini tu. Mwezi Mei 2021 iliwaandikia Boeing kwamba ndege bado haijawa tayari kuanza majaribio ya cheti, yaani kibali cha kubeba abiria, na ikataja tukio la Desemba 2020 ambapo pua ya ndege ilibadili mwelekeo bila rubani kuamuru. Majaribio yenyewe ya cheti yakaanza Julai 2024.

Mwezi uliofuata yakasimama. Kila injini imeshikwa na vyuma viwili virefu vinavyopeleka nguvu ya msukumo kwenye nguzo iliyo chini ya bawa. Kimoja kilikatika, na ndege nyingine za majaribio zilipofunguliwa zikaonekana nyufa kwenye vyuma vile vile. Chuma kikivunjika kwenye ndege moja, unaweza kushuku kipande kibovu. Nyufa zikitokea ndege baada ya ndege, lazima urudi kwenye usanifu. Zilianza kuruka tena Januari 2025, na Oktoba mwaka huo Boeing ikasogeza makabidhiano ya ndege ya kwanza hadi 2027 na kuandika hasara ya dola bilioni 4.9.

Mhasibu_wa_Anga
Nijibu la oda. Tangazo la maonyesho ya ndege huchanganya vitu vitatu vyenye uzito tofauti. Kuna hati ya nia, ambayo haimfungi mtu sana. Kuna oda thabiti: mkataba umesainiwa, dipoziti ndogo imetolewa, na nafasi kwenye foleni ya kiwanda imewekwa. Halafu kuna hiari, yaani haki ya kununua zaidi baadaye kwa masharti yaliyokubaliwa leo. Baada ya kusaini, mnunuzi hulipa kwa awamu kadiri siku ya kukabidhiwa inavyokaribia, na fungu kubwa hulipwa siku ndege inapochukuliwa. Kwa hiyo kuchelewa kunamuumiza pia mtengenezaji: ndege zimeshaundwa, zimeegeshwa, na pesa kubwa bado iko kwa mteja.

Ukisoma habari, tafuta neno "thabiti" kabla ya kushika idadi. Hesabu ya 2013 ilikuwa 259: Emirates 150, Qatar 50, Lufthansa 34, Etihad 25. Miaka michache baadaye Etihad ikabaki na 6 tu. Emirates nayo ilipunguza, kisha ikaongeza, na Novemba 2025 ilipoagiza 65 zaidi jumla yake ikafika 270. Shirika moja kushika fungu kubwa hivyo ni nguvu kwa mradi na ni hatari pia, kwani likibadili mawazo kiwanda chote kinatikisika.

Afrika, Ethiopian ilisaini Machi 2024 kwa ndege nane za 777-9, ambayo ni toleo mojawapo la 777X, na hiari ya hadi 12. Hizo 12 usizihesabu bado.

Mnara_Port_Reitz
Malindi tulimalize haraka: njia ya kurukia ina yapata mita 1,400. Ndege ndogo ya Dash 8 inatosha pale. Kwa 777-9 yenye uzito wa juu wa tani 351.5, hilo si suala la kuongeza kipande cha lami.

Moi Mombasa ina mita 3,350 na iko karibu na usawa wa bahari. Hewa ni nzito kuliko Nairobi, ambako kwenye mita 1,624 hupungua uzito kwa takriban asilimia 15, na rubani hulazimika kupunguza mafuta au mzigo kwa safari ndefu. Joto la mchana la Pwani nalo hupunguza nguvu, lakini si kwa kiasi hicho.

Upana wa mabawa umeshatatuliwa. Yakinyooshwa ni mita 71.75, na viwanja vingi vimepimwa kwa ndege zisizofika mita 65. Ikishatua, ncha ya kila bawa, yapata mita 3.45, inakunjwa kwenda juu, upana unashuka hadi 64.85. Ni kama jahazi linalotua foromali kabla ya kuingia kati ya vyombo vingine. Ndani ya ncha hamna mafuta. Hatari ni kuondoka bila ncha kufungwa sawasawa, hivyo mwaka 2018 FAA ilitoa masharti maalumu kuhusu tahadhari kwa marubani.

Jambo ambalo watu hulisahau ni zimamoto. Daraja la uokoaji, yaani kiwango cha vifaa vya zimamoto ambavyo uwanja lazima uwe navyo, hufuata urefu wa ndege. Mita 61 hadi chini ya 76 ni daraja la 9. 777-9 ina mita 76.7, kwa hiyo inaangukia la 10. Maji ya kutengeneza povu yanapanda kutoka lita 24,300 hadi 32,300 kwa povu la kiwango B. Magari ni matatu kwa madaraja yote mawili. Ndege hizo zikiwa chache, chini ya mara 700 za kutua au kuruka katika miezi mitatu yenye shughuli nyingi zaidi, kanuni huruhusu kushuka daraja moja.

Binti_Shela, Malindi
Ahsanteni sana. Basi kwa Milano hadi Mombasa, ina maana kweli?

Mnara_Port_Reitz
Kwa maoni yangu, hapana. Umbali ni takriban kilomita 6,300, na 777-9 imeundwa kwa 13,500. Ada ya kutua hutozwa kwa uzito wa juu ulioandikishwa, si kwa watu waliomo: tani 351.5 dhidi ya 254 za 787-9, ambayo Neos, shirika la Italia, huileta Mombasa kutoka Milano. Na viti 426 vijae kila wiki, hata mwezi wa Mei mvua ikinyesha? Hata A350-1000 ya Airbus, ambayo Ethiopian ilipokea ya kwanza Afrika mwaka 2024 na yenye mita 73.8 inabaki daraja la 9, ni kubwa mno kwa njia hii.

Kwa wageni wenu, omba 787 iongezwe siku, na barabara ya Mombasa hadi Malindi ipitike bila foleni ya Mtwapa.