Ushauri: C200 Kompressor ipo Tabora, nimefunga puli ndogo ya supachaja, nguvu zimepungua na belti inalia

Kijana wa Kiloleni

Mwangaluka wakuu. Gari ni Mercedes-Benz C200 Kompressor W204 ya 2008, injini M271 ya cc 1,796, otomatiki ya gia tano, kilomita 138,000. Kazi zote nafanyia nyumbani. Nina jeki ya magurudumu, stendi nne, soketi, toki renchi na kile kidude cha bluetooth cha kusomea kodi (namba za hitilafu) kwenye simu.

Supachaja (pampu inayosukuma hewa ndani ya injini) nimeifunga puli iliyo ndogo kuliko ya kiwandani kwa milimita 6. Belti ni ileile ya zamani na programu ya kompyuta sijaigusa. Dalili: asubuhi ikiwa sailensi (inawaka bila kukanyagwa mafuta) inatetemeka na kuna kafilimbi kembamba upande wa manifoldi. Ukikanyaga mafuta, belti inalia. Nikielekea Nzega, kama dakika ishirini hivi gari inakuwa nzito kabisa. Kodi ni P0171 na P0303.

Gari ya kiwandani inatoa farasi 184, mimi nataka 215 hadi 220. Nimeshauriwa mambo matatu: intakula (kipoza hewa ya supachaja) kubwa, kutoa katalista (kisafisha moshi cha ekzosi), kuandika upya programu. Nianze na lipi?

Spana 13

Hata moja kati ya hayo bado. Kwanza rudisha puli ya kiwandani, nitakwambia kwa nini.

Supachaja ya M271 haina klachi kama baadhi ya zile za injini ya zamani ya M111. Inazunguka muda wote injini inapowaka. Presha inadhibitiwa na kifuniko cha kurudisha hewa nyuma, na kifuniko hicho kinaendeshwa na kompyuta. Ukiweka puli ndogo bila kubadili programu, supachaja inasukuma hewa zaidi, kompyuta inaona imezidi lengo, inafungua kifuniko na hewa inarudi ilikotoka. Hewa ileile inasagwa mara mbili. Hujaongeza nguvu, umeongeza joto. Hewa ikishachemka, kompyuta inarudisha nyuma muda wa cheche ili pistoni zisigongwe, na hapo ndipo unasikia gari nzito baada ya dakika ishirini. Hizo ni supachaja za Roots, zinapasha hewa hata zikiwa salama, sembuse ukizikimbiza.

Belti nayo ina hesabu yake. Puli ikipungua kipenyo kwa mm 6 na belti inaizunguka nusu duara, belti inabaki na ziada ya kama mm 9. Tenshona (kikaza belti) inajaribu kuila hiyo ziada, lakini kama springi yake imechoka haiwezi. Puli ndogo pia inashikwa na sehemu fupi ya belti. Hakikisha hivi: injini ikiwa sailensi, nyunyiza maji kidogo upande wa mifereji ya belti. Kelele ikizidi, belti inateleza. Ikinyamaza kidogo kisha ikarudi, puli hazijakaa mstari mmoja. Weka mikono na nguo mbali, hiyo belti haina urafiki na mtu.

Dada Gereji, Mwanga Kigoma

Naongezea hapo kwa Spana. Mdogo wangu, P0171 maana yake kompyuta inaongeza mafuta mpaka imefika mwisho wa uwezo wake na bado inaona hewa ni nyingi. Usinunue kitu kabla hujasoma fyueli trimu, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Fungua programu ya simu, chagua trimu ya muda mrefu na ya muda mfupi, injini iwe imefika joto lake, AC izimwe. Andika namba ikiwa sailensi, kisha ipandishe hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, ishikilie hapo muda wa dakika moja, uandike tena.

Namba ikiwa kubwa kwenye sailensi halafu ikashuka kwenye 2,500, kuna hewa inayonyonywa baada ya throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta): hozi, gasketi, oringi za injekta. Ikiwa nzuri kwenye sailensi halafu ikapanda ukiipa mzigo, angalia mafuta: pampu, kichujio, au sensa ya hewa inayosoma pungufu. Na kama bomba la intakula limepasuka, ukikanyaga, mafuta yatazidi badala ya kupungua, kwa sababu hewa imeshahesabiwa halafu inamwagika nje. Watu wengi wanachanganya hapo.

P0303 (silinda ya 3 inakosa kuwaka) ni rahisi. Hamisha koili ya silinda ya 3 uipeleke ya 1, futa kodi, endesha. Ikija P0301, koili imekufa. Ikibaki P0303, hamisha plagi kwa namna hiyohiyo.

Mwana wa Isevya

Toa katalista tu kaka, gari itapumua. Mengine ni porojo.

Spana 13

Itapumua wapi wakati haijui inavuta hewa gani? Akitoa katalista leo, sensa ya nyuma itawasha taa, harufu itaingia ndani, na P0171 itabaki palepale. Katalista inaangaliwa ikiwa imeziba, na imeziba au haijaziba inapimwa kwa presha kwenye tundu la sensa ya mbele. Haing'olewi kwa kuhisi.

Kijana wa Kiloleni

Puli ya zamani nimeirudisha, belti imenyamaza. Trimu ya muda mrefu: sailensi +19%, mizunguko 2,500 ni +6%. Koili nimehamisha, kodi imebaki P0303. Plagi sijahamisha.

Kingine: nikiwasha swichi bila kuwasha injini, sensa ya presha inasoma kPa 88. Kwenye video moja jamaa anasema lazima isome 101. Sensa imekufa?

Mpima Hewa

Sensa nzima kabisa. Huyo jamaa wa video yuko pwani. Tabora ipo kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa huku ni kPa 88 hivi. Ingesoma 101 ukiwa Kiloleni ndipo ningekuwa na wasiwasi.

Hili linagusa pia lengo lako la farasi 220. Supachaja inazidisha hewa iliyopo, haitengenezi mpya. Tuseme inazidisha mara 1.5. Dar es Salaam, kPa 101 inakuwa 152, geji ya busti (presha ya ziada juu ya hewa ya nje) inaonyesha bar 0.5. Kwako 88 inakuwa 132, geji inaonyesha 0.44. Turbo inaweza kuzunguka haraka zaidi kufidia mwinuko. Supachaja imefungwa na belti kwenye kranki, haina ujanja huo. Kwa hiyo hata hizo farasi 184 za kiwandani huku hazipo zote. Ukipewa faili ya programu iliyoandikwa kwa gari la pwani, usilinganishe geji yako na yao halafu ukaanza kutafuta puli ndogo zaidi.

Dada Gereji, Mwanga Kigoma

+19 ikishuka hadi +6, hiyo ni hewa ya kunyonywa, na hicho kifilimbi kinasema hivyohivyo. Kwa M271 wa kwanza kushukiwa ni hozi za kupumulia za injini, zile zinazotoka kwenye kitenganishi cha oili ubavuni mwa bloku na kupita chini ya manifoldi. Zinapikwa na joto mpaka zinakuwa ngumu kama kibuyu. Ukiwa umesimama huzioni. Washa kamera ya simu, ipenyeze chini na tochi, rekodi video. Kisha ingiza kidole ukandamize kona ya hozi kwa nyuma. Ufa huwa umefumba, unafunguka ukiikunja tu, na kidole kinatoka na oili nyeusi iliyoshikana na vumbi. Ukikuta hivyo umemaliza.

Ukikosa, tengeneza mashine ya moshi. Chukua kopo tupu la rangi lenye mfuniko wa kubana. Toboa matundu matatu: moja la plagi ya joto ya injini ya dizeli, moja la hozi ya kuingiza upepo, moja la kutoa moshi. Tia mafuta ya watoto kiasi cha ncha ya plagi kugusana nayo. Ipe plagi umeme wa volti 12 kwa sekunde kumi na tano, pumzisha, rudia. Upepo uwe mdogo sana, usizidi bar 0.1, maana ukisukuma zaidi unafukuza sili za kranki na utakuja hapa na uzi mwingine. Ingiza moshi kwenye hozi ya hydrovaki ya breki, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Petroli, dizeli na spirit zisikaribie hilo kopo, na betri inayotoa umeme iwe mbali.

Badilisha hozi zote za kupumulia kwa pamoja na vali yake ya njia moja. Kuifunga kwa gundi au mpira wa baiskeli ni kujidanganya, oili inaachanisha ndani ya wiki.

Spana 13

Ukiwa hapo mbele ya hedi, chomoa soketi za zile sumaku mbili za kamshafti. Angalia ndani kwa tochi. Kukiwa na oili, sumaku zinavuja, na oili hiyo inatambaa ndani ya waya kama utambi wa kibatari mpaka inafika kwenye sensa za oksijeni na kwenye kompyuta yenyewe. Badili sumaku, safisha soketi kwa dawa ya umeme, na weka vile vipande vifupi vya waya vya kati ili siku ikivuja tena oili ikomee hapo. Sumaku ni bei ya kuvumilia, kompyuta siyo.

Kabla ya kuwaza nguvu, sikiliza cheni. Gari ilale usiku mzima, asubuhi fungua boneti, mtu mwingine awashe. Mkwaruzo wa sekunde mbili tatu kisha kimya, au kodi P0016 na P0017, ni cheni iliyorefuka au meno ya gia za kamshafti yaliyolika. Hiyo ndiyo homa kubwa ya M271. Cheni ikiruka, vali zinakutana na pistoni. Ikibadilishwa, gia zake zikaguliwe jino kwa jino, kwa sababu cheni mpya kwenye meno yaliyochongoka haifiki mbali. Kazi hii fundi aliyewahi kuifanya aje akusimamie, usijifunzie kwenye gari unayoitegemea.

Oili ni lita 5.5 yenye kibali cha Mercedes 229.5, 5W-40. Tia 5 kwanza, pima, malizia kidogo kidogo. Kwa vumbi letu badili kila kilomita 7,000. Kaza kifuniko cha filta kwa namba iliyochapwa juu yake, na oringi mpya upake oili.

Mtunza Miembe

Mnasahau mazingira. Eakilina (kichujio cha hewa) iwe ya karatasi, siyo zile za pamba za kupaka mafuta. Mafuta yake yanarukia sensa ya hewa, inaanza kudanganya, na kwa supachaja vumbi likipita linakwangua mapezi yake. Kiangazi ikague kila kilomita 5,000, na usiipulize kwa kompresa ukairudisha: upepo mkali unatanua vitundu vya karatasi.

Na kama unaegesha chini ya mwembe, kama nusu ya mji huu, toa majani kwenye kile kibati chini ya kioo cha mbele. Maua na majani makavu yanaziba matundu ya kutolea maji, mvua za Novemba zikija maji yanatafuta njia ya ndani kwenye nyaya na fyuzi. Utatafuta hitilafu ya umeme mwezi mzima kumbe ni miembe.

Kijana wa Kiloleni

Dada ubarikiwe. Hozi ya chini ilikuwa na ufa wa kama sentimita mbili kwenye kona, umefunguka nilipoikunja. Zote zimekuja kwa basi kutoka Dar, nimefunga na vali yake. Trimu sasa +3 sailensi, +2 kwenye 2,500. P0303 ilikuwa plagi, kaure ina mstari mweusi. Soketi za sumaku ni kavu, cheni asubuhi kimya.

Sasa nikitaka kuongeza nguvu nifuate mpangilio gani?

Mpima Hewa

Hapo ndipo mahali pa kuanzia. Kwanza plagi zote nne, daraja moja la ubaridi zaidi ya kiwandani, nafasi ya cheche mm 0.7 hadi 0.8 kwa sababu busti inazima cheche ndefu. Kama ni za iridiumu usipanue kwa sarafu ya kupimia, utavunja ncha. Ukishazikaza kwa mkono mpaka zigote, kama ni mpya zenye washa, nusu zunguko hadi theluthi mbili zinatosha.

Halafu geji ya uwiano wa hewa na mafuta yenye sensa pana. Sensa ya kiwandani haifai kupimia ukiwa umekanyaga mwisho. Kwenye busti kamili unataka 11.5 hadi 12, yaani sehemu hizo za hewa kwa moja ya mafuta. Ikipanda 12.8 wakati mzunguko unaongezeka, achia mguu papo hapo: mafuta hayatoshi.

Intakula ya M271 ni ya hewa kwa hewa. Kabla ya kununua kubwa, ing'oe uimwage oili iliyomo ndani (itakuwepo, kwa hozi ile), ioshe kwa nje, unyooshe mapezi yaliyolala. Rekodi joto la hewa inayoingia kabla na baada, njia ileile, saa ileile.

Programu na puli ndogo viende pamoja, kwa mtu anayesoma rekodi zako za Tabora na kukuandikia faili, na belti mpya ya urefu sahihi na tenshona mpya siku hiyohiyo. Mwombe akuonyeshe muda wazi wa injekta, yaani asilimia ya muda ambao injekta inamwaga mafuta. Ukizidi asilimia 85, injekta na pampu ndizo zinazofuata. Sehemu ya gia za supachaja ina oili yake kidogo, maalumu, siyo ya injini. Ijaze mpaka ukingo wa tundu, ikiwa baridi na imelala sawa, isizidi.

Spana 13

Na breki kabla ya hayo yote. Maji ya breki DOT 4 mapya kama yamepita miaka miwili, na bushi za mikono ya mbele zikaguliwe. Gia boksi hiyo ni 722.6, haina kijiti cha kupimia. Oili yake inapimwa ikiwa na nyuzi 80, kwa kijiti cha fundi, na ukishusha sampo na filta inatoka kama lita 4 tu, nyingine inabaki kwenye konvata (kiunganishi cha oili kati ya injini na gia boksi). Chungulia soketi yake ya nyaya: ikivuja, oili inapanda hadi kompyuta ya gia.

Kijana wa Kiloleni

Nimeelewa. Jumamosi naing'oa intakula. Rekodi ya joto niichukulie njia ya Nzega au nizunguke mjini?

Mpima Hewa

Nzega. Saa nane mchana, gia ya tatu, kutoka mizunguko 2,500 hadi 5,500, mara tatu mfululizo, mahali peupe pasipo na watu wala mifugo, na mwenzako ndiye ashike simu. Namba ya mara ya tatu ndiyo tunayoitaka.