Kuelekeza mwanga upande mmoja kwenye chipu: mifereji au chembe ya dhahabu?

Mche_wa_Nuru: Wakuu, mchoro wa chipu unaenda kiwandani wiki hii. Leza inatua kutoka juu, nataka mwanga ushike njia (ukanda mwembamba unaoubeba ndani ya chipu) kuelekea upande mmoja tu. Nichonge mifereji isiyolingana pande zake, au niweke chembe ya dhahabu niimulike kwa polaraizesheni ya duara, yaani mwanga ambao uwanja wake unazunguka kulia au kushoto?

Mpimaji: Urefu wa wimbi? Njia ni ya nini? Upande uwe wa kudumu au ugeuke? Bila hayo tunabahatisha.

Mche_wa_Nuru: Silikoni, nanomita 1550. Ugeuke.

Fundi_Leza: Basi achana na mifereji, ikishachongwa imechongwa. Kwa duara unabadili mzunguko tu, mwanga unahamia upande wa pili. Watafiti Rodríguez-Fortuño na wenzake walilionyesha hilo 2013 kwa mpasuko kwenye dhahabu.

Mpimaji: Mkuu, malizia habari. Kuelekeza ni jambo moja, kuingiza ni lingine. Chembe moja inanasa mwanga kidogo mno.

Dada_Fotoni: Mimi nawaambia mahali pa chembe ndipo penye kesi. Kiwanda kimoja kilituletea chipu ambazo chembe zimesogea zikakaa katikati ya njia. Tukageuza polaraizesheni kulia, kushoto, kulia tena: kiasi kilekile pande zote mbili. Tukashuku leza, tukashuku vioo, kumbe katikati pale sehemu ya uwanja inayoelekea mbele ni sifuri, kwa hiyo ile ya kukingama haina cha kuingiliana nacho. Chembe lazima ikae pembeni, na ukiihamishia ukingo wa pili, mwelekeo unapinduka.

Fundi_Leza: Kweli kabisa. Yote ni spini ya mwanga, yaani huo mzunguko wa uwanja wake.

Mpimaji: Si yote! Dipoli ya Huygens, yaani chanzo kidogo cha mwanga chenye dipoli ya umeme na ya sumaku zikitetema pamoja, haina spini lakini inaelekeza. Kiini ni mwingiliano wa uwanja wa karibu, ule ulio kando kabisa ya chembe: michango miwili inajumlishana upande huu, inafutana upande ule.

Fundi_Leza: Lakini yeye ana chembe ya dhahabu, dipoli yake ya sumaku ni hafifu. Kwake spini inatosha.

Dada_Fotoni: Kuna na dipoli ya Janus, ya Picardi na wenzake, 2018. Hiyo inachagua uso: uso wake mmoja ukielekea njia unaingiza mwanga, wa pili hauingizi; haichagui kulia wala kushoto.

Mche_wa_Nuru: Kwa hiyo chembe, ila pembeni?

Mpimaji: Leza inafika kwa faiba? Faiba ya kawaida ikikunjwa, duara lako linaharibika kabla halijafika kwenye chipu.