Makro ya kufuta memori yenyewe kwenye C inafanyaje kazi?

Wakuu, nina fankisheni ina malloc (kuomba memori) kama tatu na return kibao katikati, kila nikiongeza return nyingine lazima nikumbuke free (kuirudisha memori) zote. Nimeona kodi ya systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux) wanaweka tu _cleanup_free_ mbele ya pointa na free hawaiiti popote, hiyo inawezekanaje?

— Mkuu hiyo ni makro inayoficha atributi ya cleanup, ipo kwenye kompaila za GCC na Clang, kwenye C ya standadi haipo. Unaandika __attribute__((cleanup(futa))) (futa ni fankisheni unayoiandika wewe) na kompaila inaiita yenyewe variabo ikitoka kwenye bloku yake, iwe kwa return, break au goto. Ila kuwa makini, futa inapewa anwani ya variabo, sio pointa yenyewe, kwa hiyo ndani andika free(*(void **)p). Na hiyo pointa uianzishe na NULL (pointa tupu), la sivyo ukirudi mapema unafanya free ya takataka na programu inaweza kufa hapo hapo.

— Naongezea, ukitaka kuirudisha hiyo pointa kwa aliyekuita usiirudishe hivi hivi, atapokea memori iliyoshafutwa. GLib (maktaba ya C) wana g_steal_pointer, inakupa thamani na kuacha NULL nyuma.

— Hata keneli ya Linux inayo, cleanup.h, tangu 6.5 mwaka 2023. Kama kodi yako lazima ipite MSVC (kompaila ya Microsoft) baki na goto tu ya kuruka hadi mwisho wa fankisheni penye free zote, kule atributi hiyo haipo.