Waranti isiyotaja siku za matengenezo: sheria imbane muuzaji?

Wadau, naomba tulijadili hili kwa uzito wake. Je, sheria imlazimishe muuzaji wa kompyuta kumaliza matengenezo ya waranti ndani ya siku 30, na akishindwa atoe mashine nyingine au arudishe fedha? Mimi nasema ndiyo. Najua wafanyabiashara wengi watasema hapana, na hoja yao nitaifikia.

Nina steshenari karibu na chuo, Morogoro. Nachapa, naprinti, najalidi tafiti za wanafunzi. Mwaka jana nilinunua laptopu mpya Dar es Salaam, kwa risiti ya EFD (mashine ya kodi) na kadi ya waranti ya miezi 12. Mwezi wa tano ikaanza kujizima katikati ya kazi. Nikaifunga vizuri, nikaituma kwa basi. Wakaniambia mazabodi, yaani bodi kuu ya laptopu, imekufa, spea inaagizwa, nivumilie wiki mbili. Zikawa wiki sita. Kila nikipiga simu naambiwa spea iko njiani, anayehusika ametoka, piga Jumatatu. Ikarudi, ikafanya kazi siku 9, ikazima tena, nikairudisha. Kwa jumla imekaa kwao siku 74, tena msimu ule ule ambao wanafunzi wanakabidhi tafiti zao. Wateja niliokuwa nao miaka mitatu wamehamia duka la jirani. Siwalaumu, mwanafunzi anayetakiwa kukabidhi Ijumaa hawezi kunisubiri.

Lakini kuna jambo linaniuma kuliko hasara hiyo. Siku zote hizo 74 waranti yangu ilikuwa inakatika! Nilipouliza kama zitaongezwa mwishoni nikajibiwa kwamba ni miezi 12 tangu tarehe ya risiti, basi. Nimeisoma ile kadi mbele na nyuma. Maji yameandikwa, hitilafu ya umeme imeandikwa, kuanguka kumeandikwa, stika inayoziba mashine kuchanika kumeandikwa. Kila kosa linaloweza kuwa langu lina mstari wake. Siku ambazo mwenye duka anatakiwa kuwa amemaliza kazi hazimo.

Na hiyo stika nayo ni mtego. Mtaani kwangu kuna fundi mzuri wa mazabodi, angeifungua siku ile ile. Sikuthubutu, maana akiifungua tu waranti imekufa. Kwa hiyo dukani haitengenezwi, na kwa fundi siruhusiwi kuipeleka. Marekani, tume yao ya biashara, FTC, mwaka 2018 iliziandikia kampuni sita kuzionya kuhusu masharti ya kumnyima mteja waranti kwa sababu tu hakutumia spea au fundi wa kampuni.

Sasa upande wa pili. Nimeongea na ndugu mmoja anayeuza kompyuta Kariakoo, mtu ninayemwamini. Anasema spea hazitengenezwi hapa, mzigo mwingi unapitia Dubai, na yeye hawezi kubadilisha mazabodi kabla aliyemuuzia hajakubali kwamba tatizo ni la kiwandani. Ukimbana siku 30, ama atalipa mfukoni mwake, ama atapandisha bei, ama ataacha kabisa kutoa waranti. Hilo la mwisho linanitisha kweli, kwa sababu wengi wetu tunanunua mashine moja kwa akiba ya mwaka mzima.

Hata hivyo, hoja hiyo inathibitisha tu kwamba kuna ucheleweshaji. Haielezi kwa nini mzigo wake nibebe mimi. Msambazaji sikumchagua mimi, wala simu yake sina. Aliyeingia naye mkataba ndiye anayeweza kumbana, na atambana siku atakayojua kwamba baada ya siku 30 hasara ni yake. Duka dogo nalo lilindwe kwa kupewa haki ya kumdai aliyeingiza mzigo nchini.

Wala sidai jambo geni. California sheria inatoa siku 30 za kutengeneza, isipokuwa mnunuzi amekubali vingine kwa maandishi, na siku ambazo kifaa kiko kwa fundi hazili muda wa waranti. Afrika Kusini, Sheria ya Kulinda Walaji ya mwaka 2008 inasema kifaa kilichotengenezwa kikiharibika tena ndani ya miezi mitatu, muuzaji abadilishe au arudishe fedha. Yangu ilidumu siku 9. Sisi tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Tume ya Ushindani ya kuisimamia, kwa hiyo chombo cha kusimamia kanuni kama hii tayari tunacho.

Kama siku 30 ni chache kwa spea za kuagiza, niko tayari kusikia 45, mradi mteja aazimwe mashine wakati anasubiri. Kwenye kusimamisha hesabu ya waranti hapo sirudi nyuma hata siku moja.

Wenye maduka na wanaoagiza mzigo, tuambieni ukweli: mkataba wenu na msambazaji unawapa siku ngapi za kuletewa spea? Na mliowahi kurudishiwa fedha au kupewa mashine mpya ndani ya waranti, mlitumia njia gani?