Tupeane uzoefu: umeshakutana na kiumbe cha milima yetu ambacho hakipo kwingine duniani?

Ugonile wadau. Uzi wa watu wa Mbeya, Iringa, Njombe na kona zote za huku kwetu kwenye baridi. Simba na tembo wa Ruaha tumewasikia sana, leo nataka wale wa msituni ambao wakiisha huku ndo wameisha duniani.

Naanza mimi. Nimekulia chini ya mlima Rungwe na kipunji, aina ya kima, kwetu alikuwa mwizi wa mahindi, basi. Kumbe wanasayansi walikuwa hawamjui kabisa, hadi 2003 watafiti wa shirika la uhifadhi la WCS wakiongea na wawindaji wa vijijini ndo wakasikia habari zake wakamfuatilia, na 2004 wengine wakamkuta Ndundulu huko Udzungwa bila kujua ya hawa wa Rungwe. 2005 akatangazwa, mwanzo akawekwa kundi la kima waitwao mangabei, halafu DNA ikaonyesha ndugu zake wa karibu ni nyani, 2006 akapewa jenasi (kundi la spishi za karibu) yake peke yake. Afrika haikuwa imepata jenasi mpya ya kima tangu 1923! Halafu walipohesabu, matokeo ya 2008, wakapata 1,117 tu. Mimi nilimuona mpakani mwa shamba la mjomba, uso mweusi, nywele zimesimama utosini, mkia mrefu ncha nyeupe, kashika hindi bichi anachuna maganda kwa meno huku ananiangalia. Akabweka, sauti kama honi ya lori iliyobanwa, wenzake juu ya miti wakaitikia wote wakapotea.

Mdau wa Kilolo: Kamwene. Sisi ni kwale wa Udzungwa. 1991 watafiti wa Denmaki wakiwa kambini msituni waliona miguu ya ndege ndani ya sufuria wakashindwa kuielewa, kumbe kwale mpya, tena ndugu zake wapo misitu ya Asia huko!! Baba mdogo alikuja kuwabebea watafiti mizigo miaka ya baadaye, anasema kwale hao wanatembea kikundi wanafukua majani makavu, ukitulia wanapita karibu yako kabisa. Kinachoniuma ni vitanzi, mtu anatega funo ananasa kila kinachopita chini. Baba mdogo alikuwa akikiona anakata, nyumbani alikuwa na rundo la waya za breki za baiskeli zilizotoka huko.

Mdau wa Mufindi: Kuna mtu kashaongelea chura wa Kihansi? Kiumbe cha njano, kidole gumba kinamzidi, hatagi mayai kama vyura wengine, anazaa watoto kamili. Aligunduliwa 1996 na makazi yake yote duniani ni pale kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi. Bwawa la umeme lilipochukua karibu maji yote manyunyu yakakata, wakafunga mabomba ya kunyunyizia, ugonjwa wa fangasi nao ukaingia, 2009 wakasema porini hayupo tena. Bahati 2000 walishachukua karibu mia tano kwenda Marekani, wakazalishwa kwenye zuu za Bronx na Toledo, 2012 wakaanza kurudishwa. Nilifanya kibarua kule korongoni, yale mabomba nimeyaona kwa macho, vitundu vyake vidogo sana na uchafu kidogo tu vinaziba, kuna watu kazi yao ni kuvizibua.

Mdau wa Makete: Kwetu ni maua ya Kitulo. Watu walikuwa wanakuja na magunia wanachimba viazi vya okidi vinapelekwa Zambia kupikia chikanda, chakula cha huko, na kiazi kikishang'oka mmea ndo umekufa. Hifadhi ya taifa imekuja 2005.

Ndaga fijo wote. Wa Makete, nyie mna kipunji pia ule upande wa msitu wa Livingstone, je mashambani wanafika? Na mnawazuiaje bila kuwaumiza, maana mjomba bado analinda mahindi kwa debe na kelele.