Kijana yuko humanite (sekondari ya juu ya Kongo), shule ya kutwa ya Marekani inamtaka kwa basketi: tuangalie nini kabla ya kulipa?

Papa wa Kamalondo
Jambo wote. Kijana ana miaka 16, mita 1.98, anamaliza mwaka wa pili wa humanite, tawi la Math-Fizik, hapa Lubumbashi. Kocha mmoja wa Marekani ameona video zake. Anasema shule yao ni ya binafsi, ya kutwa, inaandaa watoto kwa chuo kikuu, na minervali (ada ya shule) itasamehewa. Ila anataka mtoto arudishwe darasa la 9 "apate muda wa kukua", na sisi tumtumie yeye dola 1,200 "za I-20", karatasi ya shule ya kuombea viza. Mama yake anaona heri amalize kwanza Egzetat (mtihani wa taifa wa mwisho wa humanite), ndipo aende mwaka mmoja kule kabla ya chuo. Tushike lipi?

Mwalimu Kampemba
Papa, shikamoo. Kama lengo ni chuo cha NCAA (chama cha michezo ya vyuo vikuu vya Marekani), njia zote mbili zina shimo, na shimo ni lilelile: saa ya NCAA huanza kuhesabu mtoto anapoingia darasa la 9, yaani mwaka wa kwanza wa humanite. Haisimami. Ukimrudisha darasa la 9 mara ya pili, saa haianzi upya.

Divisheni I, ngazi ya juu ya NCAA, inataka masomo 16 ya msingi, kila somo likiwa la mwaka mzima: Kiingereza 4, hesabu 3 (kuanzia aljebra), sayansi 2, moja la nyongeza kutoka hayo matatu, sayansi za jamii 2, na mengine 4 ambamo lugha ya kigeni na falsafa zinaingia. Kwa mtoto aliyesoma kwa Kifaransa, Kifaransa ndicho kinachokaa mahali pa Kiingereza, na Kiingereza chake kinahesabiwa kama lugha ya kigeni. Math-Fizik inamfaa sana hapo. Fizik, kemia, biolojia, historia, jiografia, vyote vinahesabiwa. Mazoezi ya mwili, uchoraji na informatiki havihesabiwi.

Masomo 16 lazima yaishe ndani ya miaka minne tangu aingie darasa la 9. Kumi kati yake, saba yakiwa ya Kiingereza, hesabu au sayansi, yawe yamekwisha kabla ya muhula wa saba, maana yake kabla mwaka wa nne wa humanite haujaanza. Hayo kumi yakishafungwa, hawezi kuyarudia ili kuongeza pointi. Wastani unaotakiwa, kwa kipimo cha 4, ni 2.3 kwa Divisheni I, 2.2 kwa Divisheni II. Mtihani wa SAT au ACT NCAA haiuombi tena tangu 2023, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuuomba.

Sasa njia ya mama. Akimaliza Egzetat kwa wakati, kisha aende mwaka wa ziada kule, Divisheni I itamhesabia somo moja tu la mwaka huo. Moja. Kama biletini (ripoti za alama) za hapa zilikuwa hafifu, mwaka huo hautaziokoa. Divisheni II ni laini zaidi, inakubali masomo yote ya kabla ya kuingia chuo. Divisheni III haitoi kabisa feza za michezo, inatoa msaada kulingana na uwezo wa familia au alama.

Kwa hiyo: ama aingie darasa la 11 mwezi wa nane na amalize na wenzake, ama abaki hapa na alama nzuri mpaka diploma, aende moja kwa moja chuoni. Kurudi darasa la 9 ni faida ya timu ya kocha, si ya mtoto.

Yaya Ruashi
Naongeza upande wa shule ya kutwa, kwa sababu wengi husikia "shule ya binafsi" wakadhani kuna bweni. Shule ya kutwa haina kitanda. Mtoto ataishi kwa familia ya wenyeji, na minervali ikisamehewa haimaanishi chakula na nyumba vimesamehewa. Uliza kwa maandishi: familia gani, nani anasaini hospitali, nani anamchukua jioni. Basi la kawaida huondoka masomo yakiisha, lakini mazoezi ya basketi, kuanzia mwezi wa 11 hadi wa 2 au wa 3, huisha jioni giza likiwa limeingia, na mechi za ugenini hurudi usiku. Pasipo gari hakuna mchezo. Na asiishi kwa kocha: majimbo mengi yanahesabu hilo kuwa kununua mchezaji, na timu nzima inaweza kunyang'anywa mechi.

Kila jimbo lina chama chake cha michezo ya shule, na sheria hazifanani. Zinazorudi mara nyingi ni mihula minane tangu darasa la 9, mwisho wa umri kwenye miaka 19, na mgeni mwenye viza ya F-1 (ya mwanafunzi) kukaa nje ya timu ya kwanza mpaka mwaka mzima. Tena huko kurudishwa darasa la 9 kunamgonga: akifika darasa la 11 lao, mihula imekwisha. Shule zingine huwa na timu inayocheza nje ya chama, hizo sheria haziigusi, lakini hesabu ya NCAA inabaki palepale.

Watu watakutajia Wakongo waliofika NBA, kama Biyombo. Huyo alipitia Hispania, si shule ya Marekani. Kuminga wa Goma ndiye aliyepitia shule za binafsi kule, The Patrick School ya New Jersey ikiwemo, kisha akaruka chuo akaenda G League, ligi ndogo ya NBA. Mutombo alifika Georgetown mwaka 1987 kwa ufadhili wa masomo, si wa basketi. Hakuna njia moja.

Papa wa Kamalondo
Aksanti sana. Na zile dola 1,200? Biletini zake ni za Kifaransa, zina 58%, 63%. Zitasomekaje?

Mwalimu Kampemba
Hapo ndipo watoto wetu huumizwa bure. Mtu wa Marekani akiona 58% anaona aliyeanguka. Omba prefe (mkuu wa shule) aandike kwenye karatasi yenye kichwa cha shule na kashe (muhuri) kwamba kupita ni 50%, iambatane na kila biletini tangu mwaka wa kwanza humanite. Peleka nakala ya Kifaransa pamoja na tafsiri ya mtafsiri aliyeapishwa, usitume tafsiri peke yake. NCAA ina kipimo chake kwa nchi yetu, haitumii hesabu ya kocha.

Mama Bea
Dola 1,200 usitume. I-20 haiuzwi na kocha. Inatolewa na afisa wa shule aliyeidhinishwa, na shule yenyewe lazima iwe kwenye orodha ya SEVP, ya shule zinazoruhusiwa na serikali ya Marekani kupokea wanafunzi wageni, ambayo unaitafuta bure kwenye tovuti ya serikali, Study in the States. Anwani ya pale ilingane na ya shule. Kisha tafuta jina la shule kwenye orodha ya NCAA ya masomo yaliyokubaliwa. Ikiwa haimo, masomo yake hayatahesabiwa hata kama jumba ni la marumaru.

I-20 ikifika, soma ukurasa wa kwanza: gharama ya mwaka, na nani anailipa. Kama msamaha ni wa kweli, utaonekana kwenye mstari wa feza za shule. Ukikuta kiasi chote kimeandikwa feza za familia, balozi atakuomba uthibitisho wa benki kwa kiasi hicho.

Malipo ya serikali ya Marekani: SEVIS (daftari la wanafunzi wageni) dola 350, viza dola 185. Mahojiano ni Kinshasa, hivyo hesabu na tikiti ya ndege. Chini ya miaka 18 DGM (idara yetu ya uhamiaji) itadai idhini ya wazazi iliyohalalishwa. Kuingia Marekani anaruhusiwa siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyo kwenye I-20, si mapema zaidi. Tafuta pia kadi ya chanjo sasa hivi, ya surua hasa, dozi mbili, na umuulize kocha fomu ya daktari ya michezo. Fomu hiyo isiposainiwa mtoto haguswi na mpira, hata mazoezini.